Irente na Mazinde: Habari za Bunduki za Usambara



Mtu atokaye Mombo kwenda Lushoto huiacha nchi ya joto na mkonge, akapanda njia ya mapindi mengi, akapita Soni penye maporomoko ya maji, hata akafika mjini kwenye baridi. Nasi tulipanda njia hiyo, kisha tukaenda kwa miguu mpaka Irente, mahali milima inapokoma ghafula. Hapo nyika huonekana imetandazwa kama mkeka, na chini kabisa ya mlima kipo kijiji cha Mazinde, nyumba zake ndogo kama punje. Lakini katika kijiji hicho yalitoka mambo yaliyoitikisa nchi yote. Twataka kuyaeleza, kwa sababu katika nyumba nyingi watu huuliza: Je, si vema baba awe na bunduki, apate kuwalinda watoto wake?

Wazee husimulia kwamba Mbegha, mzazi wa Wakilindi, aliingia Usambara na mikuki na mbwa, akawaua nguruwe walioharibu mashamba, na nyama akawagawia watu. Kwa hiyo wakamfanya mtawala wao. Silaha yake iliwafaa wote. Hata zamani za Kimweri ye Nyumbai, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1848, mfalme wa Vuga aliheshimiwa hasa kwa mvua na kwa hukumu, si kwa baruti.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu akatawala Vuga; lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, penye njia ya misafara iliyotoka Pangani. Wafanya biashara walitaka pembe na watumwa, nao walileta bunduki. Semboja akapata silaha nyingi, akaushambulia mji wa Vuga, na Shekulwavu akakimbia. Ndipo wakuu wengine nao wakaona ya kuwa asiye na bunduki hana maisha. Na kwa kuwa bunduki haikupatikana bure, walitafuta watu wa kuuza. Watu wakakamatwa njiani na mashambani, hata ikawa hatari kwenda peke yako kuchimba viazi. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Liangalieni jambo hili. Kila mkuu alisema anajilinda, wala hapana aliyelala salama kuliko jana, maana kinga ya huyu ilikuwa tisho kwa yule. Bunduki iliyonunuliwa kulinda nyumba moja ililipiwa kwa watoto wa nyumba nyingine. Hali ya namna hiyo Washambaa huiita kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Na kuiponya nchi huita kuzifya shi. Wala nguvu hizo hazikudumu. Wajerumani walikuja na silaha kubwa zaidi, na mwaka 1895 wakamnyonga Mputa, mwana wa Semboja.

Hatusemi kwamba kujilinda ni dhambi. Wajenzi wa Nehemia huko Yerusalemu walishika silaha. Lakini ukuta walioulinda ulikuwa mmoja, wa wote, na tarumbeta ilipolia walikusanyika mahali pamoja. Siku hizi sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 yamtaka kila atakaye bunduki apate leseni kwanza. Ni vema, maana silaha iliyoandikwa ina mtu wa kuulizwa habari zake.

Basi, baba mwenye nyumba, kabla hujahesabu fedha za bunduki, wahesabu kwanza majirani zako. Mwizi ajapo usiku ukapiga yowe, ni nani atakayetoka na taa? Ukiona hayupo hata mmoja, kesho asubuhi nenda ukapatane nao. Wezi hupita penye nyumba moja yenye bunduki, wakaingia ya pili. Lakini kijiji kinachoitikia yowe hakina nyumba ya pili.