Kondoo Asiye na Sufu

Nilipokuwa darasa la tatu niliamini bibi yangu hana kondoo hata mmoja. Kitabu chetu cha Kiingereza pale shuleni, Arusha mjini, kilikuwa na picha ya kondoo mweupe, amejaa sufu kama godoro lililopasuka. Wale wa Koko, kule juu ya Ngaramtoni kwenye miteremko ya Mlima Meru, walikuwa wekundu kama vumbi la njiani, nywele fupi, mkia mpana umejaa mafuta.

"Koko, hawa si mbuzi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Sufu ya nini? Umeniona nafuma sweta?"

Kweli bwana. Sweta yangu ilikuwa ya mtumba na shuka yake ilitoka dukani. Kondoo kwake ni nyama na mafuta. Mkia unayeyushwa, mafuta yanahifadhiwa, na mama aliyejifungua anapewa anywe apate nguvu. Waliotaka sufu walijaribu, wala si uongo: Lord Delamere alileta Merino kule Njoro, Kenya, mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi wakamfia.

Basi nikakua, nikasoma kilimo sekondari, nikawa mjuaji. Hapo ndipo nilipokutana na Dorper. Kondoo huyu alitengenezwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930, kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na Blackhead Persian. (Huyu wa pili anaitwa wa Uajemi, kumbe kwao ni Somalia. Majina nayo!) Mwili mweupe, kichwa cheusi, paja limejaa. Anakua upesi na uzito wake unamwacha mbali yule mwekundu wa Kimasai. Mimi nilikuwa natafuta ada ya chuo. Nikapiga hesabu daftarini: miaka miwili tu, wachoma nyama wa Kwa Mrombo watatupigania.

Koko hakubishana. Niliinamisha kichwa, akaniwekea kiganja utosini kama nilivyokuwa mdogo, akasema, "Wewe ndiye uliyesoma." Akauza dume lake jekundu na majike manne. Tukanunua dume la Dorper na majike mawili.

Mwaka wa kwanza nilitamba, jamani! Masika ya mwaka wa pili yakanya kwelikweli, majani yakawa mabichi mpaka mlangoni. Asubuhi moja nikamkuta jike la Dorper amevimba chini ya taya, kama amebeba mfuko wa maji. Bwana mifugo akamfunua kope: ndani nyeupe, hakuna damu. Minyoo ya tumboni, akasema, ile inayofyonza damu. Mabuu yake hupanda kwenye majani wakati wa mvua. Dawa tulimpa. Tulichelewa. Wakafa majike yote mawili na watoto wao, kisha dume. Chotara wakakonda, nusu yao wakapona. Wale wekundu wazee wakaendelea kutafuna kana kwamba hawajasikia msiba.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hilo lilishapimwa. Kati ya 1991 na 1996 watafiti waliwaweka Dorper na kondoo wekundu wa Kimasai pamoja huko Diani, pwani ya Kenya. Wekundu walikutwa na mayai machache zaidi ya minyoo kwenye kinyesi, damu yao haikupungua sana, na watoto wao walikufa wachache zaidi. Sisemi Dorper ni kondoo mbaya. Penye ukavu na malisho mazuri anamlipa mwenye mali. Ila mimi nilimpeleka kwenye majani mabichi ya Meru, tena kwa mali ya mtu mwingine.

Chuo nilikwenda mwaka mmoja baadaye, na ada alilipa mjomba.

Juzi nilirudi gulioni Ngaramtoni kumtafutia Koko dume jekundu. Nimezunguka tangu asubuhi. Huyu ana baka jeupe ubavuni, yule kichwa cheusi, mwingine mwekundu vizuri lakini mkia mwembamba kama kamba. Mzee mmoja muuzaji alinitazama nikipapasa mikia, akauliza, "Kijana, unatafuta nini?" Nikamweleza.

"Hao tuliwauza," akasema. "Vijana wetu walituambia hawana uzito."

Nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili, nikaendelea na zizi linalofuata.