Kivuli cha Matundu

Kofia ya viua niliyofundishwa kushona mtaani Langoni, mjini Lamu, ilikuwa na rangi moja tu: uzi mweupe juu ya bafta nyeupe. Ua lilionekana kwa matundu. Unashikiza tabaka mbili za kitambaa, unachora kwa penseli, unatoboa kwa ncha nyembamba, kisha unazungushia uzi kila kitundu hadi ukingo ukaze usifumuke. Palipojaa matundu, nywele za mvaaji huonekana chini yake na panakuwa peusi. Yakiachana, weupe unarudi. Bibi aliyenifundisha alikuwa akiivika kofia ngumi yake, akaielekeza dirishani, akaniambia, “Hapa usiku umeingia mapema, mwanangu. Achanisha.” Kofia moja ilikula wiki nyingi, nyingine miezi.

Nilidhani ni sisi tu duniani tunaotia kivuli kwa sindano. Baadaye nikaiona picha ya Jane Seymour, malkia wa Uingereza, iliyochorwa na Hans Holbein karibu na 1536: pindo za mikono ya nguo yake ya ndani zimedariziwa kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe. Wadarizi wa mtindo huo hubananisha mishono wakitaka giza, na huiachanisha wakitaka mwanga. Hesabu ni ileile ya bibi, ila wao huongeza uzi, sisi tunapunguza nguo.

Zamani mnunuzi alikuja Lamu kwa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, akaishika kofia, akaijaribu kichwani. Siku hizi wateja wangu wa Mombasa na wa Ghuba huchagua kwa picha ya simu, na humo weupe juu ya weupe hupotea kabisa. Ndipo tukaanza kutia nyuzi za maziwa, za kahawia na za dhahabu, shina la ua likiwa limekolea na ncha ikififia. Kofia za mashine, za bei ndogo, nazo zimetusukuma hukohuko.

Kofia zetu hizi za rangi, nyingine ni nzuri kweli, nami nimesomesha watoto kwa hizo. Lakini anayeanza na uzi wa rangi huuachia uzi kazi ya jicho, na nafasi kati ya matundu hajifunzi kuipima. Kwa hiyo wasichana wanaokuja kwangu huanza na nyeupe. Mmoja wao amebuni mpangilio wa matundu kwenye jani la pembeni ambao sijapata kuuona popote, nami nimemwomba anifundishe.