Nyumba Iliyopanguka, kwa Kireno

Katika Mouraria, mtaa mkongwe wa Lisbon ambao Waislamu waliachiwa waishi baada ya mji kutekwa mwaka 1147, vichochoro ni vyembamba kama vya Mji wa Kale wa Mombasa, na nguo huanikwa madirishani. Mwenyeji wa Kireno akikukaribisha ndani, huenda akaanza kwa kuomba radhi: “Desculpe a desarrumação”, yaani niwie radhi kwa fujo hii. Husemwa hata sakafu iking’ara. Mpwani ataielewa adabu hiyo mara moja.

Neno lenyewe lina utamu wake. Arrumar ni kupanga vitu. Ukitanguliza des- umepangua, nasi hupangua kwa kugeuza mwisho wa neno. Nyumba, casa, ni neno la kike, kwa hivyo husemwa a casa está desarrumada. Chumba, quarto, ni la kiume, basi ni desarrumado. Hali ikizidi, nyumba huwa de pernas para o ar: miguu juu! Wabrazili hupenda zaidi neno bagunça, na humwambia mgeni não repare na bagunça, usiitazame fujo.

Lakini tahadhari, maneno haya ni ya mwenyeji. Mgeni akiyatamka katika nyumba ya watu amevunja heshima, lake yeye ni kujibu “Ora essa!”, hata kidogo, kisha aketi.

Na vilivyotapakaa humo si vigeni kwetu: mesa, fronha na lenço ndiyo asili ya meza, foronya na leso.