Safari yetu ya Kalehe kwa baisikeli

Tangu safari yetu ya Kalehe ya mwaka 2023 watu wameniuliza swali moja mara nyingi, hata nimeona vema kulijibu kwa maandishi. Swali ni hili: «Mwalimu, mlikwenda watu watano, mkapigwa na mvua siku tatu, mkapeleka kilo 150 tu. Je, nguvu hizo na fedha hizo hazingefaa zaidi kama mngezitia katika kamyo moja?»

Swali hilo si la kipumbavu, na mwenye kuliuliza hana roho mbaya. Anapiga hesabu, nami kazi yangu ni kufundisha watoto hesabu. Kwa hiyo sitamkasirikia. Nitamjibu kwa utaratibu: kwanza nitaeleza msiba wenyewe, kisha njia, kisha yale tuliyoyakuta mwisho wa njia.

Siku ya Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, upande wa magharibi wa ziwa Kivu. Mito ikafurika, ikashuka kwa kishindo pamoja na mawe, miti na tope, ikaviangukia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilivyo kandokando ya ziwa. Huko Nyamukubi Alhamisi ni siku ya soko, na kwa sababu hiyo walikuwapo hata watu wa vijiji vingine waliokuja kuuza na kununua. Waliokufa walizidi 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tarehe 8 Mei taifa zima liliomboleza.

Anayeijua nchi ile hashangai sana kwamba maji yalishuka kwa nguvu namna hiyo. Ziwa letu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mlima Kahuzi unafika mita 3,308. Baina ya mlima na ziwa nafasi ni fupi, mteremko ni mkali. Zamani msitu uliyashika maji na kuyanywesha udongo polepole. Lakini watu wameongezeka, wanahitaji mashamba, wanahitaji makaa ya kupikia; miti ikakatwa. Mlima uliovuliwa nguo hauwezi kuzuia mvua. Nasema hivyo si kwa kuwalaumu maskini wa Kalehe, kwani mtu mwenye njaa hulima pale anapopata.

Sisi tulikaa Bukavu, tukasikia habari. Majirani wa mtaa wetu wakaanza kukusanya, kila nyumba kwa kadiri yake. Akina mama ndio waliochagua mzigo. Mama mmoja mwenye umri, ambaye sote humheshimu, alisimama katikati ya mkutano akasema: «Wanangu, unga utapelekwa na wakubwa wenye mashua na kamyo. Lakini utapikwa ndani ya nini? Maji yalichukua sufuria pia.» Hakuna aliyempinga. Basi tukanunua sufuria, sabuni, chumvi, na mimi nikaomba tuongeze madaftari na kalamu kwa ajili ya watoto wa shule.

Namna ya kuvifikisha vitu hivyo ikawa taabu. Mwenye kamyo tuliyemwendea alikataa kabisa. Alisema barabara imekatika mahali pengi na yeye hana kamyo nyingine. Nauli ya mzigo katika mashua ingemeza nusu ya mchango. Ndipo fundi mmoja, ambaye hutengeneza baisikeli kando ya barabara karibu na shule yangu, akasema neno rahisi: «Kinga haihitaji barabara. Pale inaposhindwa kukubeba, wewe unaibeba.» Tukakata shauri siku hiyohiyo. Tulikuwa watano: fundi huyo, seremala, muuguzi, muuza sambaza, na mimi mwalimu. Kila mmoja alifunga kilo 30 nyuma ya kiti, katika mifuko ya nailoni iliyokunjwa mara mbili.

Hapa naomba ruhusa nieleze jambo moja la historia, kwa sababu nililikumbuka mara nyingi njiani. Mpira wa tairi uliojazwa upepo ulitengenezwa na John Boyd Dunlop mwaka 1888. Tangu hapo Ulaya na Amerika zilitaka mpira kwa wingi, kwanza kwa baisikeli, kisha kwa motokari. Ndipo katika Kongo ya mfalme Léopold wa 2, iliyodumu tangu 1885 hata 1908, mababu zetu walilazimishwa kuingia msituni kukamua mpira, na aliyeleta pungufu aliadhibiwa kikatili. Gurudumu hili tunaloliona la kawaida limepita katika machozi ya Waafrika. Sikuona njia bora ya kulitumia kuliko kumpelekea sufuria mama asiye nayo.

Tuliondoka saa kumi na mbili ya asubuhi, katika juma la pili baada ya msiba. Mvua ilitupokea kabla hatujauacha mji. Mpaka Kavumu, penye uwanja wa ndege, mambo yalikuwa ya kuvumilika, kwani kuna lami. Lakini lami ilipokwisha tukaingia katika udongo mwekundu unaoshika kama gundi. Tope lilijaa kati ya tairi na madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka. Fundi akatuamuru tuvue madigadi yote. Katika miteremko breki hazikushika, kwa kuwa chuma cha gurudumu kilikuwa kinatiririka maji; ikabidi mmoja ashuke na baisikeli kwa miguu, na mwenzake aivute kwa kamba kutoka nyuma. Mafuta ya mnyororo yalioshwa na mvua kila baada ya saa moja. Hivyo tulikwenda, tukisukuma zaidi kuliko kupanda, na jioni tukafika maeneo ya Katana hatuna hata uzi mkavu mwilini.

Tulibisha hodi kwenye nyumba ya kwanza iliyokuwa na taa. Baba wa nyumba hakutuuliza tumetoka wapi; alituambia tukae karibu na moto, na mkewe akaweka bugali na maharagwe. Tulikuwa na chakula chetu, tukakitoa, naye akakirudisha mkononi mwetu akisema: «Hicho ni cha njia, baba. Hapa ni nyumbani.» Baada ya kula ndipo alipouliza habari. Aliposikia, alinyamaza kitambo, kisha akamwambia mkewe alete chupa ya mawese kwa ajili ya minyororo yetu, kwani chupa yetu ya mafuta ilikuwa imekwisha.

Usiku ule seremala alishikwa na homa. Asubuhi muuguzi alimpima, akasema wazi kwamba mgonjwa asitoke katika mvua. Nje ilikuwa inanyesha bila kupumzika. Tukatazamana. Sitaki kuwaficha kwamba neno la kurudi lilisemwa, na lilisemwa kwa sababu zenye akili: mtu mgonjwa, njia mbaya, mvua isiyokoma. Kugawa kilo 30 za seremala juu ya baisikeli nne kungetuvunjia magurudumu; na kuziacha kungekuwa kuacha karibu sufuria zote, maana mzigo wake ndio uliokuwa wa sufuria.

Tulipokuwa tukisemezana, kijana wa nyumba ile, mwenye miaka 17 hivi, akamwendea baba yake, akainama kidogo kwa heshima, akasema: «Baba, niruhusu niisukume kinga ya mgonjwa. Nitarudi nao.» Baba akamtazama, akatazama mvua, akajibu: «Nenda. Lakini usile chakula chao.» Mama akamfungia viazi vitamu katika kitambaa. Hivyo tukaondoka tena watu watano, na seremala akabaki katika mikono ya watu ambao jana yake hakuwajua.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Mahali fulani ukingo wa mlima ulikuwa umeporomoka ukaifunika barabara yote. Motokari zilisimama upande huu na upande ule, wenyewe wamekaa ndani wakingoja. Sisi tulifungua mizigo, tukaivusha kichwani, tukarudi kuchukua baisikeli, tukazivusha begani, kila mtu safari tatu katika tope la magoti. Muuza sambaza, ambaye kazi yake ni kupanda milima na ndoo ya samaki, alituimbia nyimbo za wavuvi ili tupate hatua moja. Tukalala Kalehe usiku mwingi. Asubuhi ya siku ya tatu tukaingia Bushushu.

Wasomaji, sitayaeleza yote niliyoyaona huko, kwani maiti na maafa si vitu vya kutembezewa macho. Nitasema tu kwamba palipokuwa na nyumba palikuwa na mawe, mengine makubwa kuliko nyumba zenyewe, na kwamba watu walikuwa wakipita juu yake polepole kama wenye kutafuta njia katika kijiji chao wenyewe.

Tulijipeleka kwanza kwa wakubwa wa kijiji, nao wakatuonyesha jamaa zenye shida zaidi. Sufuria zilipokelewa kwa namna ambayo yule mama wa mtaa wetu angefurahi kuiona. Ilipofika zamu ya madaftari, mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akaniita.

«Mwalimu, haya ni ya watoto wa shule?»

«Ndiyo, mzee.»

«Wangu waliokuwa wakisoma hawapo tena. Hata hivyo nipe moja. Mimi sikujifunza kuandika. Niandikie majina yao.»

Nikakaa juu ya jiwe, muuguzi akanishikia mwavuli, mzee akataja majina saba. Hakutaja majina tu. Alisema huyu alikuwa na miaka mingapi, huyu alikuwa mtoto wa nani, huyu alikuwa akipenda nini. Walizikwa pamoja na wengine katika kaburi moja, kwa haraka, kama ilivyolazimu. Wengine ziwa liliwachukua. Hakuna jiwe lenye jina. Alipomaliza aliniomba nimsomee. Nilisoma, naye akaitikia kwa kichwa kila jina, kama mwalimu anayesahihisha.

Nilipoinua macho, watu walikuwa wamesimama nyuma yake kwa mstari, wakingoja zamu yao. Tuliandika hata giza likaingia, mimi na muuguzi, kwa taa ya mkononi. Daftari la kwanza likajaa, tukafungua la pili. Hatukuyachukua, tulimkabidhi mzee wa kijiji, maana majina yale ni mali yao.

Sasa narudi kwa ndugu yangu mwenye hesabu. Tusidharau kamyo. Watu wenye njaa wanahitaji unga mwingi, nasi hatukuweza kuupeleka. Kama barabara ni nzima na kamyo ipo, na ipelekwe leo, isingoje kesho. Lakini kuna haja nyingine isiyopimwa kwa kilo. Mtu aliyefiwa anahitaji mwenzake aketi, asikilize, asiwe na haraka ya kushusha mzigo na kugeuza gari. Tena mvua ile tuliyoilalamikia ilitutendea kazi. Tulifika tumelowa, tumejaa tope, tunatetemeka. Hakuna mtu wa Bushushu aliyeona haya mbele yetu. Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuwa wageni, lakini tulikwisha kuponywa mara ngapi njiani, kwa moto, kwa mawese, kwa mabega ya kijana wa watu! Mchango uliotoka Bukavu ulikuwa wa mtaa mmoja. Ulipofika Kalehe ulikuwa pia wa Katana.

Wenye kutaka kufanya kama sisi, nawapa mashauri machache. Ulizeni kwanza kinachohitajiwa, na waulizeni akina mama. Msiende bila fundi wala bila mtu anayejua dawa. Chukueni chakula chenu, msiwe mzigo kwa waliokwisha kulemewa. Mfikapo, jipelekeni kwa wakubwa wa mahali. Msiwapige picha watu katika uchi wa huzuni yao. Na yule anayejua kuandika asikose kalamu kavu.

Seremala alipona; tulimkuta anatengeneza mlango wa nyumba aliyolazwa, nasi tukamngoja amalize. Kila mwaka mvua zetu hutulia mwezi wa Juni, na mwezi wa Septemba hurudi. Milima ya Kalehe bado ni mikali, na miti haioti kwa siku moja. Basi, rafiki, ukiwa na kinga iliyoegemea ukuta, itie mafuta wakati wa kiangazi.