Bustani ya Dhiraa 270

Hekalu la Chaturbhuj ni dogo kuliko sifa zake. Limechongwa katika jiwe moja, kando ya njia inayopanda kwenye ngome ya Gwalior, India, na wageni wengi hulipita tu wakiwahi majumba ya huko juu. Sisi wanafunzi wa hisabati tulipelekwa kwa ajili ya ukuta wake, wenye maandishi ya Kisanskriti ya mwaka 876. Mwalimu hakutuonyesha kitu. Alitaka tuitafute sifuri wenyewe.

Tuliikuta: kiduara kidogo, kidogo hata kuliko tarakimu zilizo jirani yake. Hii ni miongoni mwa sifuri kongwe za India zenye tarehe isiyobishaniwa, nami nilitarajia maandishi yake yatangaze jambo zito. Kumbe yanazungumzia maua. Hekalu lilipewa bustani ya urefu wa dhiraa 270 na upana wa 187, ili kila siku yapatikane mashada 50 ya maua ya ibada. Sifuri moja imepima ardhi, nyingine imehesabu mashada, na hakuna aliyejisumbua kuzisifu.

Kanuni za sifuri zilikwisha kuandikwa na mwanahisabati wa India, Brahmagupta, mwaka 628. Yeye alizieleza namba hasi kuwa madeni na chanya kuwa mali, lugha ambayo mama yangu na daftari lake la kikoba wangeielewa bila mkalimani. (Alisema pia kwamba sifuri ukiigawa kwa sifuri unapata sifuri. Wenzangu walicheka, mimi naona bora aliyethubutu kujibu.)

Nimesoma kwa miaka mingi nikiamini kuwa elimu kubwa lazima iogopeshe, na kwamba asiyetoka jasho hajajifunza. Mchongaji wa Gwalior amenitoa huko. Mikononi mwake fikra iliyowatoa jasho wenye akili ilikuwa imeshakuwa kitu cha kazi, cha kumwezesha mtunza bustani kujua mipaka yake. Siku hizi nikifundisha wadogo zangu, sishangilii swali gumu. Nangoja waitumie hesabu bila kunitazama usoni.

Kwenye basi la kurudi hakuna aliyezungumzia sifuri. Tulikadiria dhiraa kuwa nusu mita kasoro kidogo, tukapata bustani ya kama hekta moja, kisha ukazuka ubishi mkali: je, hekta moja yaweza kutoa mashada 50 kila siku, hata wakati wa kiangazi?