Sala Isiyo na Maneno: Tungo za John Coltrane Ninazozipenda



Wapendwa waamini, Jumatano iliyopita, baada ya masifu ya jioni, mzee mmoja wa halmashauri ya parokia alisimama mlangoni pa nyumba ya mapadre. Alisikiliza kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole: "Baba Paroko, hiyo redio imeharibika?" Nilicheka sana. Redio ni nzima. Nilikuwa nikimsikiliza John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani, ambaye muziki wake nilianza kuusikia nikiwa seminari kuu, katika kaseti ya padre mmoja mzee aliyetufundisha liturujia. Nilimwahidi mzee wangu kwamba nitamjibu katika ukurasa huu. Leo natimiza ahadi hiyo, na pamoja nayo ninalo jambo la kuungama mbele yenu.

Coltrane alizaliwa tarehe 23 Septemba 1926 huko Hamlet, North Carolina. Babu yake mzaa mama alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. John alipokuwa na umri wa miaka 12, babu huyo na baba yake mzazi walifariki katika kipindi kifupi, na muziki ukawa kimbilio la yatima huyo. Alipokua akawa mpigaji hodari, lakini pia akawa mtumwa wa pombe na heroini. Mwaka 1957 akaondolewa katika bendi ya Miles Davis, iliyokuwa na sifa kubwa wakati huo. Mwaka huohuo aliacha dawa za kulevya, na baadaye alishuhudia kwa maandishi kwamba ni neema ya Mungu iliyomwamsha. Alifariki kwa saratani ya ini tarehe 17 Julai 1967, akiwa na miaka 40 tu. Mimi nimekwisha kumpita kwa umri.

Katika miaka yake ya mwisho alipiga ule muziki ambao wataalamu huuita jazi huru, ambamo wapigaji huacha mapigo na mpangilio wa sauti uliozoeleka, wakatafuta njia mpya. Ndiyo maana mzee wetu alidhani redio imeharibika. Kati ya tungo zake nyingi nimechagua nne.

Ya kwanza ni "Dear Lord", iliyorekodiwa mwezi Mei 1965. Hii ndiyo ninayompa mtu anayeanza, kwa sababu haitishi. Ni taratibu, ni tulivu, na kila sauti ya saksafoni inakaa mahali pake kama mtu aliyepiga magoti mbele ya tabernakulo bila haraka ya kuondoka. Jina lake ni wito kwa Bwana Mpendwa, na baada ya kumwita hivyo, mpigaji haombi kitu. Mara nyingi naisikiliza Jumapili usiku, nikiwa nimechoka baada ya Misa tatu.

Ya pili ni "Alabama". Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963, bomu lililotegwa na wabaguzi wa rangi lililipuka katika Kanisa la Kibaptisti la 16th Street, mjini Birmingham, Alabama. Wasichana wanne waliuawa. Watatu walikuwa na miaka 14 na mmoja miaka 11. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Novemba, Coltrane na wenzake waliingia studio na kurekodi utungo huu. Piano ya McCoy Tyner inanguruma chini kama radi ya mbali, na juu yake saksafoni inazungumza polepole, kama mtu anayesoma majina ya marehemu na kusita kabla ya kila jina. Hakuna neno hata moja, wala hasira haipigi kelele. Mimi nimezika watoto katika parokia hii. Najua jinsi padre anavyoweza kusimama kaburini na kusema mno, mpaka maneno yake mazuri yakawa mzigo mwingine juu ya kichwa cha mama. "Alabama" imenifundisha kufupisha mahubiri ya mazishi.

Ya tatu ndiyo hiyo iliyomshangaza mzee wetu: "Ascension", yaani Kupaa, iliyorekodiwa tarehe 28 Juni 1965. Wapigaji ni 11: tarumbeta mbili, saksafoni tano, piano moja, besi mbili na ngoma. Mmoja wa wapiga saksafoni hao, John Tchicai, alizaliwa Denmark na baba yake alikuwa Mkongo. Kwa muda wa dakika zipatazo 40 wanapiga wote kwa pamoja, kisha mmoja anatoka mbele na kupiga peke yake, halafu kundi zima linarudi tena kama wimbi. Mara ya kwanza niliizima kabla ya dakika ya tano. Nilikuja kuielewa msibani. Mnajua jinsi akina mama wanavyoingia uani, kila mmoja akilia kwa sauti yake na kwa maneno yake. Hakuna anayemfuata mwenzake, na hata hivyo kilio ni kimoja. Hakuna mwalimu wa kwaya atakayewaambia wapatanishe sauti. Tangu siku hiyo sijaiita tena kelele.

Ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote: "A Love Supreme", yaani Upendo Mkuu. Ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964 huko Englewood Cliffs, New Jersey, na Coltrane pamoja na Tyner, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma. Ina sehemu nne: kutambua, kuazimu, kufuatia na zaburi. Mwanzoni besi inapiga noti nne tu, nyepesi kiasi kwamba mtoto wa Utoto Mtakatifu anaweza kuziimba. Coltrane anazichukua noti hizo na kuzipitisha katika funguo zote 12 za muziki, kana kwamba anabisha hodi kila mlango wa nyumba ili kuonyesha kwamba Upendo huo unakaa katika vyumba vyote. Kisha wanaziimba kwa midomo, wakirudia jina la utungo kama sisi tunavyorudia kiitikio cha litania.

Sehemu ya mwisho, zaburi, ina siri yake. Coltrane aliandika sala ya shukrani na kuichapisha kwenye jalada la santuri. Katika studio hakuitamka. Aliisoma kwa saksafoni, silabi kwa silabi, na msikilizaji mwenye jalada mkononi anaweza kuifuata sala hiyo mpaka mwisho. Mtakatifu Augustino, akifafanua Zaburi, anaeleza kwamba wavunaji shambani huanza kuimba kwa maneno, lakini furaha ikizidi huyaacha maneno na kubaki na sauti tupu, kwa sababu Mungu hatoshi katika maneno. Nilisoma hayo seminarini na kuyajibu vizuri kwenye mtihani. Niliyasikia kwa mara ya kwanza katika zaburi hii ya Coltrane.

Nisieleweke vibaya. Huko San Francisco kuna jumuiya ya Kikristo inayomheshimu Coltrane kama mtakatifu. Sisi hatufanyi hivyo. Hakuwa Mkatoliki, na alitafuta pia hekima katika dini nyingine. Mimi namwona tu kuwa ni mtu aliyeanguka, akainuliwa, na akatumia pumzi yake yote iliyobaki kushukuru.

Sasa niungame. Wengi wenu mnamkumbuka kijana aliyekuwa akitupigia kinanda. Nimeomba ruhusa yake na ya mama yake kuandika haya. Miaka miwili iliyopita vipaza sauti vilitoweka sakristia, kisha kinanda chenyewe. Kijana alikuja ofisini kwa hiari yake na kusema mbele ya katekista: "Baba, ni mimi. Natumia unga." Nilimjibu: "Hii ni nyumba ya Mungu. Nenda, ukipona urudi." Nilijiona nimesema kwa busara. Miezi minane ikapita, nami sikuuliza hata mara moja anaishi vipi.

Kwaresima iliyofuata, mama yake alikuja kuandikisha nia ya Misa. Zaburi ya Coltrane ilikuwa ikilia chumbani. Akauliza: "Baba, huyu anayelia ni nani?" Nilimsimulia, kwa furaha ya mwalimu, habari zote nilizowaandikia hapa juu: heroini, bendi kumwondoa, mwaka 1957, neema. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na huyo, Baba, kanisani kwao walimwambia arudi akipona?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Ndugu zangu, nilikuwa nimekesha usiku mwingi nikitokwa na machozi kwa ajili ya mraibu wa nchi ya mbali, aliyekufa kabla sijazaliwa. Lakini sikuwa nimetembea mwendo wa dakika 10 kwenda kwa mraibu niliyempa Komunyo ya kwanza.

Kesho yake nilikwenda. Sitaeleza yote niliyoyakuta. Sasa kijana anakwenda hospitali kila asubuhi kunywa methadoni. Alianguka tena mara moja, akarudi. Naomba msitumie habari za Coltrane kumwambia mraibu yeyote kwamba akitaka ataacha kwa siku moja. Neema hupitia pia mikononi mwa wauguzi, nayo haina haraka yetu. Kinanda hakijapatikana, wala yeye hajataka kugusa kile tulichoazima. Jumapili hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Wiki mbili zilizopita nilimpa "A Love Supreme" akaisikilize. Aliirudisha jana. Nilitarajia aniambie jambo kubwa. Alisema tu: "Baba, huyu jamaa anaanza na noti nne." Akazipiga kwa vidole juu ya meza yangu ya ofisi, mara mbili, bila kukosea.

Basi, mzee wangu, redio haijaharibika. Ijumaa hii, baada ya masifu ya jioni, nitaifungua tena, na mlango utakuwa wazi. Karibu uketi. Tutaanza na "Dear Lord", kisha ukiwa na uvumilivu tutafika kwenye "Ascension". Nanyi nyote mlio na mtoto, ndugu au jirani aliyefungwa na dawa hizo, mkiona aibu kumleta kwangu, nitumieni ujumbe nije mimi. Safari hii sitasubiri miezi minane.

Bwana awabariki na kuwalinda.

Paroko wenu