Kupanda Kopsiro

Matatu kutoka Kitale ilinishusha Kamukuywa. Nikapanda nyingine hadi Kimilili, kisha Chwele, na ilikuwa siku ya soko: magunia ya vitunguu na viazi yamejaa hadi kando ya barabara. Kutoka hapo kwenda Kopsiro nilichukua bodaboda, na njia ni kupanda tu, kati ya migomba na mahindi.

Upande huu wa Mlima Elgon sikuwahi kufika. Niliyoyajua niliyasoma tu. Human Rights Watch waliandika kwamba tangu 2006 wapiganaji wa kundi la wanamgambo la SLDF waliua zaidi ya watu 600, na maelfu wakakimbia makwao. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha, na wanaume wengi waliokamatwa wakateswa katika kambi ya Kapkota. Chanzo kilikuwa ugomvi juu ya mashamba ya Chebyuk.

Nyanya aliyenikaribisha Kopsiro alianzia mbali zaidi. "Mimi ni wa juu, mwanangu. Wa Chepkitale." Huko walifuga ng'ombe na kutundika mizinga ya nyuki. Kuanzia 1971 serikali iliwateremsha Chebyuk, wakafyeka msitu na kulima. Kisha ardhi ikagawanywa upya, tena na tena, majina yakiingizwa na mengine yakiachwa. La mumewe likaachwa. Akatoa bahasha ya nailoni, ndani yake barua ya kugawiwa shamba, mikunjo imetoboka, muhuri umekuwa doa la zambarau. Usiku wa kukimbia aliifunga kiunoni kwa leso, akambeba mjukuu mgongoni.

Nilipomsikiliza niliwakumbuka watu wa Pripyat, Ukraine: mwaka 1986 walihamishwa kwa sababu mionzi ya nyuklia ilikuwa imetia sumu udongo wao. Chepkitale haina sumu. Nyasi zake zingali zinalisha ng'ombe, ila mwaka 2000 ilitangazwa hifadhi ya taifa, na waliorudi huko wakaitwa wavamizi kwao wenyewe. Jambo hilo liliniuma kuliko yote niliyosikia siku ile.

Jioni niliteremka hadi Bungoma. Ni katika mji huu, Septemba 2022, mahakama ya ardhi iliwapa ushindi Waogiek, wenyeji wa Chepkitale, katika kesi ya ardhi yao. Walistahili. Lakini kesi ile ilihusu Chepkitale, si Chebyuk. Nyanya wa Kopsiro bado anadai shamba lililoandikwa katika barua yake, na kwangu dai lake ni zito vilevile.